Maji ya Asubuhi Katika Nyumba ya Chatu

Kaka yangu Setondji,

Mdogo wako Houefa anakusalimu, na kabla hujaanza kujiuliza nimetaka nini safari hii, tulia: sitaki kitu cha kununuliwa. Nataka ukae kitini usome mpaka mwisho. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na joto la huko Parakou halijawakausha kama samaki wa kubanika. Sisi huku tu wazima, ukiondoa yaliyotupata, na hayo yaliyotupata ndiyo barua yenyewe.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ninayo. Simu katika nyumba hii ni mbiu ya mgambo. Nikiongea uani, Shangazi Ayaba yuko dirishani anachambua mboga ambazo hazina hata takataka. Nikienda nayo barabarani kwenye karai langu la bajia, kila mteja anaota sikio la sungura. Na wewe mwenyewe nikikupigia unaniambia nifupishe, uko kazini. Hili halifupishiki. Barua nimempa dereva wa lori la viazi vikuu anayerudi huko, nimeibandika gundi mara mbili, na ukiikuta imefunguliwa mlaani yeye, si mimi.

Sasa nianze na Bibi.

Ulipoondoka, Bibi alikuwa chatu mnene, ngozi inang'aa kama imepakwa mawese, anajikunja pembeni kwake nyuma ya chungu kikuu na hakuna anayethubutu kumsogeza. Alikuwepo kabla yako na kabla yangu. Babu alimkabidhi Baba mkononi, pamoja na ufunguo wa nyumba ya chatu na kazi yote ya kumtunza Dangbe, chatu wetu mtakatifu, na Baba hajawahi kuilalamikia kazi hiyo hata siku moja. Kulalamika ameniachia mimi. Mvua za kwanza zilipoanza, Bibi akaacha kula. Nikasema anataka kujivua ngozi. Akajivua, ikatoka vipande vipande kama karatasi iliyolowa, na bado hakula. Panya aliyewekewa akawa anamtembelea mgongoni. Halafu akaanza kuinua kichwa na kuachama, anavuta hewa kwa sauti, povu limemkaa mdomoni.

Hakuwa peke yake. Yule wa Fundi Cherehani, aliyeokotwa chini ya cherehani, naye akawa anaachama. Yule wa Jikoni akakonda mpaka ungeweza kumhesabu pingili. Yule wa Kinyozi, ambaye ndiye kijana wao na mwenye fujo, akalala tu kama kamba iliyotupwa. Si unajua desturi yetu: mtu akimkuta chatu kwake hamuui wala hamfukuzi, anapiga magoti, anamsalimu, anamnyanyua na kumleta kwa Baba, naye anaingizwa mle mle pamoja na wenzake kama mtu aliyerudi kwao. Nani atamuuliza mgeni wa namna hiyo ametoka na ugonjwa gani?

Nikamwambia Baba kwamba wana minyoo. Shangazi akadakia akaniuliza tangu lini muuza bajia akawa mganga. Nikamjibu kwamba mbwa akikonda tunasema ana minyoo, mtoto akivimba tumbo tunasema ana minyoo, kwa nini chatu akiugua iwe laana? Akasema kwa sababu Dangbe si mbwa, na mdomo wangu uchungwe. Basi ikatafutwa laana. Wakaulizwa wake wa watu, wakaulizwa wavuvi wa ziwani, akaulizwa hata yule bwana anayechaji simu pale njia panda. Mwishowe lawama ikaniangukia mimi, eti moshi wa mafuta yangu ya kukaangia unaingia mpaka kwa Dangbe na kumkirihisha. Kaka, siku hiyo nilikasirika mpaka nikakaanga bajia bila chumvi.

Shangazi yeye alikuwa na dawa yake. Kila asubuhi, kama ulivyomwona tangu utotoni, huteka maji kisimani na kuyamwaga kwenye sakafu ya udongo ya nyumba ya chatu, kibuyu baada ya kibuyu, akiomba ubaridi: nyumba iwe baridi, mioyo iwe baridi, njia za watoto walio mbali ziwe baridi. Na wewe huombewa humo, ujue. Basi alipoona wanaugua akaongeza maji. Akamwaga asubuhi, akamwaga na jioni, mpaka ukiingia unateleza.

Katikati ya hayo akatokea binamu yetu Kossivi kutoka Ouidah, miwani ya jua machoni mpaka ndani ya nyumba. Unamjua, ana ua wake kule anakowavisha wageni chatu shingoni wapigwe picha. Hakuja kutuona. Alikwenda moja kwa moja kwa wazee wa ukoo, akawaambia nyumba inayomwachia Dangbe akonde imekwisha kukataliwa na Dangbe mwenyewe. Wazee wakanywa pombe ya sodabi aliyowaletea, wakakohoa, wakakata shauri: Bibi akifia mikononi mwa Baba, nyumba ya chatu ifungwe na waliobaki wakabidhiwe Kossivi. Baba alilisikia hilo ameketi palepale. Mimi ndiye niliyesema, nikaambiwa nirudi kwenye karai.

Sikurudi kwenye karai. Nilikwenda Kotonu kwa daktari wa wanyama, mwanamke mdogo aitwaye Bignon, mwembamba, anaongea mbio utadhani anafukuzwa. Akaniambia nimletee kinyesi. Nikampelekea ndani ya kopo la pilipili yangu, na kopo hilo sasa nimelitupa, usije ukaogopa kula kwangu. Akakitazama kwenye hadubini, akaniita nami nitazame. Kaka, walikuwemo watoto wa minyoo wanajinyonganyonga kama wako ngomani. Nilifurahi mpaka aibu. Nikasema sasa nitakwenda kumwonyesha Shangazi nani mganga.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya kunywesha, na ili uijue kadiri yake lazima chatu apimwe uzito. Nyumbani mzani ni mmoja, ule wa kunde zangu. Nikamweka Bibi kwenye mzani wa kunde mchana kweupe, na Shangazi akapita. Alijishika kichwa, akakaa chini palepale kwenye vumbi, akamwita Babu kaburini aje ajionee. Halafu kunywesha kwenyewe! Umewahi kumfungua chatu kinywa na kumshusha mpira kooni huku Baba amesimama pembeni anakuambia taratibu, taratibu, huyo ni mkubwa wako? Ningependa siku moja ujaribu. Lakini kwa muda walipata nafuu, yule wa Jikoni akala, na mimi nikaanza kutembea kwa maringo.

Haikudumu. Mwezi haujaisha wakarudi kuachama vilevile, Bibi kuliko mwanzo. Nikamleta daktari mwenyewe. Hakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha nyumba ya chatu, maana hakuwekewa mikono ya kumtumikia Dangbe, akakalishwa ukumbini kama mposaji aliyekataliwa. Na asubuhi hiyohiyo, kana kwamba alikuwa anamsubiri, yule wa Kinyozi akafa.

Daktari akasema kwa adabu zote, naapa kwa adabu, kwamba pole sana, lakini huyu aliyekufa anaweza kuwaokoa wenzake. Kwenye kinyesi anaona watoto wa minyoo tu, hajui wazazi wao wamejificha wapi mwilini, na dawa inatafutwa kulingana na mahali. Aruhusiwe ampasue atazame. Baba akasimama, akasema mbele ya watu wote kwamba kisu kabla hakijamgusa Dangbe kitapita kwanza tumboni mwake yeye. Akamwambia yule mwanamke achukue mkoba wake aende. Shangazi akamsindikiza hadi barabarani, si kwa heshima bali ahakikishe.

Niliona aibu sijapata kuona. Nilimwambia Baba kwamba anawazika walio hai ili kumstahi maiti. Akaingia peke yake na ile nguo nyeupe, maana mtunzaji ndiye anayemkafini Dangbe na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuona, akatoka amebeba kifurushi mikononi kama mtoto mchanga. Tukazika. Shangazi alilia mpaka sauti ikamkauka. Mimi mwenyewe nilipiga magoti nikamwagia kileo, nikamwomba yule wa Kinyozi atusamehe kwa kukosa maarifa ya kumponya. Udongo haujatulia, Baba akasema jino linamuua, anakwenda Kotonu kuling'oa. Akachukua kapu lake la kuku, eti akirudi atanunua vifaranga, akapanda pikipiki ya kukodi, huyo. Bibi anakoroma ndani kama mzee mwenye pumu na yeye anashughulikia jino! Alirudi kesho yake hana vifaranga, uso umemshuka, akala ugali wa akasa kidogo na supu. Nikasema vizuri, na liume.

Siku chache baadaye daktari akanipigia. Mwanamke aliyefukuzwa kwetu kama mwizi wa kuku ananipigia simu, na ana uhakika wa kuniogopesha. Akasema minyoo hawa wamekaa kwenye pafu, siyo tumboni, ndiyo maana wanaachama. Ile dawa yetu ilikuwa inafagia sebule na mwizi yuko darini. Atatuma nyingine, ya sindano. Lakini sindano haitafaa kitu ikiwa sakafu ni mbichi, kwa sababu watoto wa minyoo wakitoka na kinyesi hukaa kwenye udongo wenye maji, wakakua, kisha chatu akijilaza wanampenya ngozini na kurudi kwenye pafu. Akasema acheni kabisa yale maji ya asubuhi. Kwangueni udongo wa juu wote, uchomeni moto, mwageni jivu, toeni makuti upande mmoja jua liingie. Nikamshukuru huku nikimwona ni mwanamke wa ajabu.

Nikajiandaa kwa vita. Maji ya Shangazi, Kaka! Maji aliyoanza kuyamwaga akiwa msichana, ambayo mama yake aliyamwaga kabla yake. Nilifikiria maneno yangu usiku kucha, nikaenda nimefunga kanga kibwebwe. Nikamwambia Baba mbele yake Shangazi kwamba ule ubaridi tunaouomba ndio unaowalea minyoo, na kadiri tunavyowapenda ndivyo tunavyowaua. Nilitegemea atanifukuza kama alivyomfukuza daktari. Baba akasema maji yaachwe. Basi. Akainuka akaenda zake. Nilibaki na hoja zangu zote mkononi sina pa kuziweka.

Shangazi aligeuka mwamba. Akasema tumewanyima wazee wetu maji, na siku ya kufa kwake tumnyime na yeye ili tumalize. Mimi akaniita mtoto wa hadubini. Siku tatu hakula chakula changu. Halafu akapata pa kupeleka maji yake: kila asubuhi akawa anayabeba mpaka kwenye kaburi la yule wa Kinyozi na kuyamwaga pale, kibuyu baada ya kibuyu, akiomba kwa sauti ili sisi wengine tusikie. Nikasema afadhali, marehemu hana pafu.

Kazi sasa. Nani unadhani alikwangua ule udongo? Nani aliwahamisha chatu wote kwenye matenga, akachoma, akamwaga jivu, akapanda juu kutoa makuti? Baba alisema magoti yanamsumbua. Hata siku ya sindano alisimama nje ya kizingiti, mikono ameifunga nyuma kama mkaguzi wa shule, ananielekeza mshike hivi, shingo usiikaze, mwambie pole. Nikamwambia njoo umwambie pole mwenyewe. Akasema magoti. Chatu mgeni akiletwa na watu wa kijiji, Baba anamsalimu akiwa mbali, na mimi ndiye ninayeitwa kumpokea nikiwa na unga wa kunde mpaka viwikoni, nimpeleke kwenye tenga la peke yake mpaka apimwe. Lakini magoti hayohayo nimeyaona yakipanda ngazi kuziba paa la Shangazi. Nimeyaona yakichuchumaa saa nzima kusuka uzio. Magoti gani hayo yanayopanda ngazi na kushindwa kizingiti? Nilimsema, Kaka. Nilimsema kwa majirani. Nilisema Baba amemchoka Dangbe na amechagua punda, na punda ni mimi. Nimekuandikia hili ulijue nilivyomsema, kwa sababu sasa linaniuma.

Bibi alipona. Si kwa siku moja. Kwanza povu lilikauka, halafu akaacha kuachama, halafu asubuhi moja nikamkuta panya hayupo na Bibi ana uvimbe tumboni, ametulia kama mama mkwe aliyeshiba. Nilikaa sakafuni kwenye jivu nikalia. Nilikwenda kumwambia Baba. Akafunika uso kwa viganja vyake, akauliza amemmeza mzima au amemtapika, nikamwambia amemmeza. Nikamwambia twende ukamwone. Akasema ataniamini.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita Shangazi alitoka kaburini anakimbia, kibuyu hana, viatu hana. Akatuita wote. Juu ya kaburi la yule wa Kinyozi limechomoza jani bichi, limejisokota kama kidole. Kesho yake likafunguka. Mgomba, Kaka. Mgomba umeota kaburini mwa chatu. Nisikuchoshe na fujo iliyofuata. Watu wametoka hadi ng'ambo ya ziwa kuja kupiga magoti. Wazee wa ukoo wamekuja na fimbo zao, wakauzunguka, wakasema Dangbe amejibu mwenyewe, nyumba hii ni ya ndugu yao, Baba, na asiguswe. Kossivi naye alikuja. Alivua miwani, kwa mara ya kwanza nikaona ana macho. Na Shangazi amenipita akaniambia, mtoto wa hadubini, umeona maji yanavyofanya kazi?

Watu wote walikuwa wanatazama mgomba. Baba alikuwa anatazama miguu yake.

Nami hapo ndipo akili iliponirudia, tena kwa kuchelewa. Alijuaje yule daktari habari ya maji? Ndani hakuingia, nami sikumtajia, kwa kuwa kwangu maji ya Shangazi yalikuwa kama jua kuchomoza, nani hulitaja? Nikakumbuka jino. Nikakumbuka nimemwona Baba juzi akitafuna muwa. Nikazunguka nyuma ya bafu ilipo migomba yetu, nikakuta shimo; mche umeng'olewa hapo na tunguu lake zima, majani makavu yamefunikwa juu.

Nilimngoja watu walipoondoka. Sikumuuliza mengi, nilimuuliza tu meno yake yako mangapi. Akacheka kidogo, halafu akashindwa kucheka, akaniambia nikae.

Alisema siku ile alipoingia kukafini, Bibi aliinua kichwa akamtazama huku ameachama. Akasema baba yake alimkabidhi Bibi akiwa mzima, naye hakuona atamjibu nini. Akatoka kwa mlango wa nyuma akang'oa mche wa mgomba, akaupunguza, akaufunga kwenye nguo nyeupe, na ndio tuliouzika na kuulilia. Yule wa Kinyozi alikuwa kapuni chini ya majani. Alimpeleka mwenyewe kwa yule mwanamke aliyemfukuza, akamwomba radhi mlangoni. Akaomba beseni la maji safi, akamwosha yule wa Kinyozi, akamweleza kinachokuja. Daktari alitaka kuita mtu wa kumshikia, Baba akakataa mkono wa mgeni, akamshika kichwa yeye mwenyewe, na kisu cha kwanza kikapitishwa na mkono wake, ili ikiwa kuna kosa liwe na mwenyewe. Walipofungua pafu na kuwaona wale minyoo wanatembea, alilia mbele ya daktari. Daktari akamuuliza sakafu yenu ikoje. Akamwambia.

Alimrudisha ameshonwa vizuri. Amemzika chumbani kwake, upande wa kitanda anakowekea miguu asubuhi, ndani ya ile nguo aliyovaa siku ya kumwoa Mama.

Nikamuuliza, na magoti? Akaniambia wewe unajua sheria. Aliyemtia Dangbe kisu hamgusi tena wala haingii tena nyumbani mwake. Hakuna aliyemhukumu, amejihukumu. Nikamwambia ulifanya ili wapone. Akasema sheria haiulizi ulifanya ili nini. Nikamwambia basi ningejua nisingekusema kwa majirani. Akasema ilimfaa sana nilivyomsema, maana watu waliamini magoti.

Hilo ndilo siwezi kulitia kwenye simu. Tunalijua watu wanne tu, pamoja na daktari na wewe. Likitoka, mgomba utang'olewa, Bibi ataenda kuvishwa watu shingoni kwa Kossivi, na Shangazi hataamka. Kwa hiyo ukimaliza kusoma, choma.

Lakini kuna hili lingine. Sikukuu ya Januari inakuja, na mtunzaji lazima ambebe Bibi shingoni mbele ya ukoo mzima. Baba hawezi, wala hatasema kwa nini. Atasema amezeeka anamwachia mtoto. Mtoto huyo kwa desturi ni wewe, mzaliwa wa kwanza. Kwa hiyo ama uje umbebe, ama uniandikie kwa mkono wako kwamba umeniachia, nami niwasomee wazee. Na kwa kuwa nimekwisha kusema yote, niseme na hili: nimelalamika kurasa nzima, nimelaani mvua, jivu, matenga na kinyesi, lakini nakuomba usije. Naitaka kazi hii. Nimeshangaa mwenyewe.

Nikueleze la leo alfajiri, kisha nikuache. Nilikuwa naloweka kunde, nikasikia Baba ananiita kwa sauti ndogo kutoka chumbani. Nikakimbia nikidhani ameanguka. Nikamkuta ameketi kitandani, hatikisiki, na chini Bibi amejikunja juu ya udongo ule aliomfukia yule wa Kinyozi. Ametoka usiku kama wanavyotoka kuwinda, akavuka ua mzima, akaja hapo. Wewe utasema udongo wa pale ni laini na una joto. Nami nasema hivyohivyo. Kichwa amekilaza juu ya unyayo wa Baba.

Baba akaniambia njoo umchukue bibi yako. Alikuwa amejishika mikono miwili kifuani kama mtu aliyefungwa. Nikamwambia mikono yangu ina unga. Akasema nisimletee utani, asije akamgusa. Nikamwambia wewe hujamgusa, yeye ndiye aliyekugusa, kama kuna sheria inayomkataza yeye nionyeshe. Mguu hakuuondoa. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuinua mkono kuyafuta, akihofia kumwamsha.

Nikafunga mlango taratibu, nikaenda kukaanga bajia zangu.

Wasalimie wifi na wanao wote, mwambie yule mdogo shangazi yake anamdai hadithi moja. Shangazi Ayaba anakusalimu, ananiambia nikuandikie kwamba anaendelea kukuombea ubaridi pale kwenye kaburi la yule wa Kinyozi, na kwamba mgomba ukizaa ni marufuku mtu kula ndizi zake. Daktari anakusalimu pia bila kukujua. Baba hajui kama nimekuandikia, lakini ukipiga simu muulize jino lake linaendeleaje. Atajua nimekwambia, na huenda akacheka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, hata unapochelewa kujibu,

Houefa